Kava ya gari si ya kila gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mtu anayelaza gari nje bila kuifunika kava ni mtu asiyejali mali yake. Mwanzoni nilicheka, halafu nikaona hapana, hii ikiachwa ipite hivi hivi watu wataenda kununua manailoni wayatupie juu ya gari zenye vumbi na baadaye watuletee sisi mafundi rangi, na hapo ndo maneno yanaanza, eti fundi rangi gani hii umenipigia, mbona imeingia ukungu, mbona ina michirizi. Mimi kazi yangu ni kupiga rangi gari na kung'arisha, kwa hiyo haya ninayosema nayaona kwenye bodi za gari za watu kila siku, sio ya kuhadithiwa.

Niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya, sipingi kava. Ninachopinga ni hii imani kwamba kava yoyote, juu ya gari yoyote, wakati wowote, ni bora kuliko kuacha gari wazi. Si kweli, na kwa gari nyingi zinazotoka asubuhi na kurudi jioni kila siku mimi nasema bora ziachwe wazi.

Tuanze na jua maana hapo huyo ndugu yuko sahihi kabisa. Rangi ya gari za siku hizi, na mtindo huu umeshika tangu miaka ya 1980, sio rangi moja. Chini kuna bati, juu yake praima, juu ya praima ndo rangi yenyewe inayokupa wekundu au ubluu, halafu juu kabisa kuna klia, ile isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Ukijumlisha yote ikitoka kiwandani unapata kama maikroni 100 mpaka 150 (maikroni elfu moja ndo milimita moja), na klia peke yake mara nyingi ni maikroni 40 au 50 hivi, yaani karibu nusu ya unene wa karatasi ya kuchapishia. Hiyo nusu karatasi ndo inayopokea jua, mvua, kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na chumvi ya bahari kwa wanaokaa pwani. Ndani ya klia kiwandani wanaweka dawa za kunyonya miale ya yuvi, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, lakini dawa hizo nazo zina mwisho, zikiisha klia inaanza kupauka, inakuwa kama ina vumbi lisilotoka hata ukiosha, halafu inabanduka vipande vipande. Angalia gari yoyote iliyochoka utaona inaanzia wapi, ni kwenye rufu, boneti na juu ya buti, sehemu zinazolitazama jua uso kwa uso, wakati milango bado iko vizuri. Taa za mbele nazo ni plastiki ngumu siku hizi, sio kioo kama zamani, kwa hiyo nazo zinapigwa mpaka zinakuwa njano na usiku hazioni mbali. Raba za waipa zinakauka, raba za milango zinapasuka, dashibodi inachanika.

Kinyesi cha ndege nacho tusikidharau. Kina asidi, ila kinachofanya kiwe balaa ni jua. Rangi ikipata joto inalainika na kutanuka kidogo, ikipoa inajikaza, na ikijikaza huku juu yake kuna kile kitu kimekauka inajikunja kufuata umbo lake, ndo maana ukikitoa unakuta kidoa hakina mng'ao hata upige polishi vipi. Kwenye jua kali hata saa chache zinatosha. Na usikikwangue kikavu jamani, weka kitambaa kibichi juu yake kikae kidogo kilainike, halafu kinyanyue, usisugue. Ndege wanakula mbegu na wengine wanakula changarawe za kusagia chakula tumboni, vyote hivyo vinatokea nyuma, ukisugua unachora.

Kwa hiyo ndio, kava inazuia hayo yote. Hapo tuko pamoja.

Tatizo ni pale kava inapokutana na vumbi. Gari ikitembea hata mtaa mmoja tu inarudi na vumbi, na ndani ya vumbi kuna mchanga mdogo mdogo ambao kwa macho huuoni, na mchanga huo kwa kawaida ni mgumu kuliko kioo, sembuse klia. Sasa wewe unafika jioni umechoka, unatoa kava kwenye buti, unaivuta kutoka mbele kwenda nyuma juu ya gari yenye vumbi. Umeshachora. Usiku upepo unapiga, kava inacheza, inapanda inashuka, inasugua palepale usiku kucha, kwenye kona za bampa, kwenye saidi mira, kwenye kingo za milango, kwenye antena. Asubuhi unaivuta tena kuitoa, unaikunja ovyo, ule upande wa nje wenye vumbi unagusana na upande wa ndani, unaitupa kwenye buti. Jioni unairudisha na lile vumbi la jana. Fanya hivyo mwaka mzima, halafu paki gari juani uiangalie kwa pembeni utaona imejaa vimikwaruzo vya duara duara kama utando wa buibui. Mtu ananiletea ananiambia fundi hawa waosha magari wameniharibia gari, namuuliza unatumia kava? Ananijibu kwa fahari kabisa, kila siku!

Kutoa vimikwaruzo hivyo maana yake nini? Maana yake mimi nachukua mashine na kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, napunguza klia mpaka niufikie usawa wa chini ya mkwaruzo. Yaani ile nusu karatasi naila. Naweza kufanya hivyo mara chache tu katika maisha ya gari, baada ya hapo hakuna cha kung'arisha, ni kupiga rangi upya. Na klia ikishakuwa nyembamba jua nalo linaimaliza haraka, kwa hiyo yule aliyenunua kava kukwepa jua anaishia kulipa jua hilohilo kwa mlango wa nyuma. Hicho ndo kitu ambacho barua ya ndugu yetu haikugusa hata kidogo.

La pili ni unyevu, na hapa ndo naomba wasomaji wanielewe vizuri maana ndo panapoharibu gari bila mtu kujua. Watu wengi wakienda kununua wanauliza swali moja, hii inazuia maji? Muuzaji anasema mia kwa mia, tone halipiti. Basi mtu anafurahi. Lakini maji hayatoki juu tu. Gari ikipaki juu ya udongo au majani mvuke unapanda kutoka chini, usiku bati linapoa na hewa yenye unyevu ikiligusa inageuka umande, na kama kava ni nailoni tupu ule umande hauna pa kwenda. Asubuhi jua linapiga juu ya nailoni, ndani panakuwa joto na maji kwa pamoja, saa nzima, mbili, tatu. Klia ikikaa kwenye hali hiyo muda mrefu inaweka ukungu mweupe kama maziwa na saa ingine inatoa malengelenge madogo madogo. Mahali penye jeraha la jiwe ambapo bati liko wazi kutu inatembea chini ya rangi. Diski za breki zinashika kutu. Na ndani kama kapeti ilikuwa na maji maji ya viatu, ukifungua mlango baada ya wiki kadhaa unapokelewa na harufu ya fangasi.

Ndo maana kava nzuri ya nje sio ile isiyopitisha kitu kabisa, ni ile inayozuia matone lakini inaachia mvuke utoke. Ndio, mvua ya siku nzima inaweza kupenya kidogo, wala usiogope, maji safi yakiweza kukauka hayana shida, shida ni yale yanayofungiwa. Namna ya kupima ni rahisi na huhitaji kuamini maneno ya mtu. Chukua kikombe cha maji ya moto, funika mdomo wa kikombe kwa kile kitambaa cha kava, halafu weka glasi kavu kichwa chini juu ya kitambaa. Subiri kidogo. Glasi ikiingia ukungu ndani maana yake mvuke unapita. Ikibaki kavu basi hiyo ni nailoni hata kama pakiti imeandikwa nini. Ukimaliza geuza, mwagia maji ya kawaida juu ya kitambaa uone kama yanasimama matone matone au yananywewa palepale.

Turubai sizungumzii sana kwa sababu naona aibu, ila nalazimika maana bado watu wanatumia. Turubai ni la kufunikia mzigo kwenye lori. Ni gumu, lina matundu yenye pete za chuma pembeni, linafungwa na kamba zenye mafundo, na wengine wanaweka matofali juu ya boneti lisipeperuke! Hapo sina la kusema.

Sasa kava ni ya nani. Ni ya gari isiyotembea kila siku. Mtu amesafiri, mtu ana gari ya pili anaitoa wikiendi, mtu ana gari ya zamani anaitunza, gari inasubiri spea au inasubiri mnunuzi, hao kava inawafaa sana na mimi mwenyewe nawashauri wanunue. Inaoshwa vizuri, inakaushwa mpaka kwenye maungio ya milango na chini ya waipa, inapigwa waksi kama ipo, inaachwa injini na ekzosti vipoe, ndo inavalishwa kava safi yenye kitambaa laini kwa ndani, inakaa hapo. Haiguswi guswi. Kila inapopatikana siku kavu mtu wa nyumbani anaifungua ipigwe hewa. Na kwa kuwa gari imelala tairi zijazwe upepo wa kutosha na betri ichomolewe au ichajiwe mara kwa mara, maana nimeona watu wakishafunika gari wanaisahau kabisa, anakuja kuifunua tairi zimekaa bapa na betri imekufa na anashangaa wakati rangi inang'aa.

Kava yenyewe iwe ya saizi ya gari. Hili watu wanalipuuza sana, wananunua kubwa wakidhani kubwa ni nafuu ya kuvalisha. Kubwa inapeperuka, na inayopeperuka ndo inayochora. Iwe na lastiki chini mbele na nyuma, iwe na mkanda wa kupita chini ya tumbo la gari na klipu ya kufungia ya plastiki sio ya chuma, iwe na mifuko ya saidi mira ili isivutike. Ukiivalisha usiiburute, iweke juu ya ruf ikiwa imekunjwa, ifungulie mbele, ifungulie nyuma, halafu ishushe pembeni. Ukiitoa fanya kinyume chake, pandisha pembeni zote mbili juu ya ruf kwanza halafu ikunje kutoka mbele, hivyo upande wa ndani haugusi upande wa nje wala haugusi chini. Kuifua ni sabuni laini tu na maji, usiweke ile dawa ya kulainisha nguo maana inaua uwezo wake wa kukataa maji, na usiikunje ikiwa mbichi.

Kwa gari ya kila siku mimi nafuta kava kwenye hesabu. Nani ana muda wa kuosha gari kila jioni kabla ya kuifunika? Tuseme ukweli. Kwa hiyo iache wazi, ioshe mara kwa mara, ipige waksi au silanti (dawa ya kukinga rangi kama waksi) kila baada ya miezi kadhaa, waksi inapokea mateso badala ya klia na ikiisha unapaka nyingine, klia ikiisha hupaki nyingine kirahisi hivyo. Tafuta kivuli, ila angalia kivuli chenyewe, kivuli cha mti wenye utomvu au unaolala ndege ni bora ulale na jua. Ndani weka ile kinga ya kung'aa kwenye kioo cha mbele, inakunjwa kwa sekunde chache, haigusi rangi hata kidogo na dashibodi inakushukuru. Kuna kava nusu pia, zinazofunika vioo na ruf tu, hizo nazo zina hadithi ileile ya vumbi, zimepungua eneo tu.

Nina ugomvi mwingine wa kitaaluma. Gari ikitoka kupigwa rangi isifunikwe! Nasema tena, isifunikwe. Rangi mpya hata ukiigusa ukaona imekauka ndani bado inaendelea kutoa yale matina, dawa za kuyeyushia rangi, na kujikaza, inahitaji hewa, kwa kawaida tunawaambia wateja wasipige waksi wala kava angalau mwezi mzima, na kama dawa uliyotumia ina maelekezo yake fuata hayo. Mteja anafika nyumbani kwa mapenzi aliyonayo anaivika nailoni usiku huohuo. Siku inayofuata kitambaa kimeacha alama zake kwenye boneti, nyuzi kwa nyuzi unaweza kuzihesabu, na simu napigiwa mimi.

Hayo ni ya mwenye gari na mali yake, akitaka kuiharibu ni shauri yake. Lakini kuna yanayotuhusu wote na hapa ndo naomba gazeti lisaidie kuyasema. Gari zina riflekta nyekundu nyuma, ziliwekwa hapo kwa sababu, ili hata gari ikiwa imezimwa taa zote mwenye kuja na taa zake aione inang'aa kutoka mbali. Mtu anapaki kandokando ya barabara isiyo na taa, anaifunika gari kwa kava ya kijivu au nyeusi mpaka chini ya bampa, riflekta zimekwisha. Mwenye pikipiki anakuja usiku kwenye giza, mbele yake kuna kitu kikubwa hakirudishi mwanga hata kidogo. Kava za nje za maana zina mistari ya kung'aa mbele, nyuma na pembeni, na zile zisizo nayo mtu anaweza kushonea utepe wa riflekta mwenyewe, ni kazi ya dakika chache kwa fundi cherehani. Kama huwezi hata hilo basi paki ndani ya ua au usifunike sehemu ya nyuma. Namba ya gari nayo iwe inasomeka, nchi nyingi zinataka namba ionekane gari inapokuwa barabarani hata kama imepaki, na kuna kava zenye kidirisha cha plastiki cha namba. Jirani yako akitaka kukupigia kwamba tairi yako imekata upepo au kwamba umeziba geti la watu atakujuaje?

Upepo pia. Kava isiyofungwa mkanda ikichomoka inaenda barabarani, na kava kubwa ikimfunika dereva kioo cha mbele au ikiingia kwenye gurudumu la pikipiki hiyo sio habari ya mikwaruzo tena.

Kuna mambo ya injini ambayo yanaonekana ya kijinga kuyataja lakini yanatokea. Usivalishe kava gari iliyotoka safari sasa hivi, ekzosti na ile katalisti inayosafisha moshi vinafika mamia ya nyuzi joto, kitambaa cha plastiki kikigusa kinayeyuka na kuganda pale, kikiwa na bahati mbaya kinashika moto. Usiwashe gari ikiwa ndani ya kava eti unachaji betri, moshi unazungukia ndani na ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaua mtu akiwa anadhani ana usingizi. Na kabla ya kuwasha gari iliyokaa imefunikwa fungua boneti kwanza uangalie, panya wanapenda sana giza na utulivu ule, wanatengeneza makazi juu ya injini na wanatafuna nyaya, paka nao wanaingia. Gonga boneti. Ukikuta mavi ya panya usiwashe kabla hujapitia nyaya zote.

Na watoto. Kwa mtoto gari iliyofunikwa ni mahali pazuri kabisa pa kujificha, anaingia chini ya kava, anakuta mlango haujalokiwa, anaingia ndani, anajifungia, na hakuna anayepita akamwona kwa sababu vioo vyote vimezibwa. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2005 kwenye jarida la madaktari wa watoto vipimo vya joto ndani ya gari zilizopaki juani, wakakuta hata siku ambayo nje ni nyuzi 22 tu ndani ilifika nyuzi 47 hivi, na sehemu kubwa ya joto hilo inapanda ndani ya nusu saa ya kwanza, na kushusha vioo kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Wao walipima gari zisizofunikwa. Kava inapunguza jua linaloingia kwa kioo ndio, lakini inaondoa macho ya watu, na mtoto aliyefungiwa anahitaji macho ya watu kuliko kivuli. Kwa hiyo loki milango yote na buti, funguo zisikae mahali mtoto anazifikia, na mtoto akikosekana nyumbani sehemu ya kwanza kuangalia iwe ni ile gari iliyofunikwa. Ikaguliwe hata kama mwenye gari anaapa kwamba aliloki.

Nina neno na wauzaji pia. Naona pakiti zimeandikwa kava bora, kava ya misimu yote, kava imara, picha ya gari ya kifahari juu, lakini hakuna neno moja linalosema kitambaa ni cha aina gani, kina tabaka ngapi, kinapitisha mvuke au hakipitishi, kwa ndani ni laini au ni nailoni ileile, ni ya kukaa ndani ya gereji au ni ya nje. Hii ya mwisho ni muhimu maana kava za pamba za gereji ni nzuri sana kwa rangi ila ukiziweka nje zinanyonya maji zinakaa mbichi, na zile nyepesi kama barakoa za hospitali jua linazila haraka zinaanza kumwaga unga na nyuzi juu ya gari. Mnunuzi hawezi kujua hayo kwa kuangalia picha. Aandikiwe, na muuzaji aruhusu mtu afungue pakiti apime kwa mkono. Na wale wanaoniuliza kama kava itazuia mvua ya mawe, hapana, kitambaa chembamba hakizuii bati lisibonyee, zipo zilizojazwa sponji au hewa kwa kazi hiyo lakini hizo ni kitu kingine kabisa, nene na nzito, na mwenye kuiuza lazima akuonyeshe huo unene wenyewe.

Barua imekuwa ndefu Mhariri, najua mtaikata, kateni popote mnapotaka hata hapo pa wateja wanaonipigia simu, ila hiyo sehemu ya watoto na ile ya riflekta naomba msiziguse.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi rangi za magari